Nilimwita msaliti

Kosa hili nililifanya hadharani, kwa kalamu, na sioni haki ya kuliungama faraghani. Niliandika makala kuhusu wasaliti wakubwa wa historia, na jina la kwanza nililolitaja lilikuwa la mwanamke: Malintzin, ambaye Wahispania walimbatiza Marina na ambaye dunia ya leo inamjua zaidi kwa jina la La Malinche. Nilisema aliwauza watu wake kwa Hernán Cortés, kamanda wa Wahispania walioivamia Mexico. Nilisema aliyapindisha maneno ya mtawala Moctezuma mpaka dola ya Waazteki ikaonekana imekabidhiwa kwa wageni. Nilisema damu ya watu wa Cholula iko mikononi mwake. Nikamalizia kwa kusema kwamba alitenda yote hayo kwa ajili ya mapenzi. Niliyaandika kwa uhakika, bila kuweka neno "huenda" popote.

Makala ile ilipendwa. Walimu waliisoma darasani. Watu walianza kulitumia jina la Malinche katika mabishano yao, wakimrushia mwanamke yeyote aliyefanya kazi na wageni, na mimi nilifurahi kuona neno langu limeingia mitaani. Kisha nikapata barua kutoka kwa msomaji ambaye kazi yake ni ukalimani mahakamani. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: kabla Malintzin hajawauza watu, yeye aliuzwa na nani?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa ndani ya kitabu kilekile nilichokitegemea kuandika makala yangu. Nililisoma, nikalielewa, nikaliruka, kwa sababu lingeniharibia hadithi. Hapo ndipo penye uzito wa kosa langu. Asiyejua anaweza kusamehewa kwa kutojua, lakini mimi nilijua nikanyamaza.

Basi nieleze nilichokiruka.

Malintzin alizaliwa karibu na mwaka 1500, upande wa Coatzacoalcos, kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico, katika watu waliozungumza Kinahuatl, lugha ileile ya Waazteki. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyekuwa na Cortés na ambaye aliandika kumbukumbu zake akiwa mzee, anasimulia kwamba alikuwa binti wa watawala wa mji mdogo. Baba akafa, mama akaolewa tena, akapata mtoto wa kiume, na ili mtoto huyo arithi bila mshindani, msichana akatolewa usiku kwa watu wa Xicalango huku majirani wakiambiwa kwamba amekufa. Wanahistoria wengi wanaona kisa hicho kimetiwa nakshi. Bernal mwenyewe anakifananisha na cha Yusuf na ndugu zake kule Misri. Ila mwisho wake haubishaniwi. Msichana yule aliangukia utumwani, na akawa mali ya Wamaya wa Potonchán, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Tabasco. Kimaya alichokuja kukitafsiri alikipata huko, akiwatumikia waliokuwa wakimmiliki.

Machi 1519 Cortés alifika Potonchán akiwa na merikebu 11, askari wapatao 500 na farasi 16. Palipiganwa, na kwenye uwanda wa Centla Wamaya wakashindwa. Wakuu wao wakaja kuomba amani na zawadi mkononi: vipande vya dhahabu, nguo, chakula na wanawake 20. Malintzin alikuwa mmoja wa hao 20. Padre akawabatiza, kisha Cortés akawagawa kwa makapteni wake. Malintzin alipewa Alonso Hernández Portocarrero, mtu wa ukoo mkubwa kule Uhispania. Malintzin wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18 au 19 hivi, na alikuwa ameshapita mikononi mwa wamiliki zaidi ya mmoja. Katika makala yangu sehemu hii yote ilichukua maneno matano: "alijiunga na kambi ya Cortés." Nasikitika kila ninapoyakumbuka. Alijiunga! Kama kwamba alipiga hodi.

Mwezi uliofuata, merikebu zikiwa zimetia nanga San Juan de Ulúa, wajumbe wa Moctezuma walikuja ufukweni kuwaona wageni. Cortés alikuwa na mkalimani wake, Jerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye chombo chake kilivunjika mwaka 1511 naye akaishi miaka mingi kwa Wamaya wa Yucatán. Aguilar alijua Kimaya, lakini wajumbe wale walisema Kinahuatl, na hakuelewa kitu. Ndipo ilipoonekana kwamba mmoja wa wanawake waliogawiwa anazungumza na wajumbe wale bila shida. Cortés akaunda mnyororo wa tafsiri: yeye akasema Kihispania, Aguilar akageuza Kimaya, Malintzin akageuza Kinahuatl, na majibu yakarudi njia ileile. Baada ya muda alikijua Kihispania, na Aguilar akawa hahitajiki tena sana.

Sasa mwulize mtumwa huyo, ufukweni pale, alikuwa na deni gani la uaminifu, na kwa nani. Msaliti ni mtu aliyekuwa na watu wa kuwasaliti. Nilipoandika "watu wake" nilikuwa na picha ya taifa moja la Mexico, lenye bendera yake na wananchi wake, lililovamiwa na mgeni likauzwa na mwanawe wa ndani. Taifa hilo halikuwapo. Palikuwa na Tenochtitlan, mji uliojengwa juu ya ziwa, uliotawala pamoja na Texcoco na Tlacopan na kukusanya kodi kutoka miji mingi iliyoshindwa vitani. Palikuwa na Tlaxcala, iliyozungukwa na dola hiyo na kupigana nayo kwa miaka mingi. Palikuwa na Watotonaki wa Cempoala, waliochoshwa na watoza kodi wa Moctezuma mpaka wakamwona Cortés kuwa ni nafuu. Mwanamke aliyezaliwa Coatzacoalcos, nje ya mamlaka ya Tenochtitlan, akauzwa kwa Wamaya na Wamaya wakamtoa kwa Wahispania, hakuwa na kiapo kwa Moctezuma. Kuzungumza lugha moja na mtu si kuwa raia mmoja naye. Sisi tunaozungumza Kiswahili kuanzia Lamu hadi Lubumbashi tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wengine.

Na hao walioungana na Cortés kwa hiari yao, wakiwa na majeshi, mabaraza na watawala wao? Baada ya kupigana naye Septemba 1519, watawala wa Tlaxcala walikaa, wakashauriana, wakaamua kuwa upande wake. Tenochtitlan ilipozingirwa kuanzia mwisho wa Mei 1521, wengi wa waliopigana dhidi yake walikuwa wenyeji, kwa maelfu na makumi ya maelfu, kutoka Tlaxcala, Texcoco na kwingineko. Kabla ya hapo ndui iliyoletwa na wageni ilikuwa imekwishafagia mji mwaka 1520 na kumuua Cuitláhuac, mtawala aliyemrithi Moctezuma. Ziwani Cortés alikuwa na mashua 13 za kivita zilizoukatia mji chakula na maji. Mji ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521, na mtawala wake wa mwisho, Cuauhtémoc, akakamatwa. Mimi katika orodha yangu ya wasaliti sikumtaja mtawala hata mmoja wa Tlaxcala. Waliokuwa na uwezo wa kuchagua niliwaita "washirika wa Cortés", na mwanamke aliyetolewa kama zawadi nikamwita msaliti.

Niingie kwenye Cholula, maana hapo nilimtupia damu. Oktoba 1519 Cortés alikaa Cholula, mji mtakatifu, akiwa njiani kwenda Tenochtitlan. Kisa nilichokisimulia ni hiki: mwanamke mzee, mke wa mkuu mmoja wa pale, alimpenda Malintzin, akamnong'oneza kwamba wenyeji wamepanga kuwaua Wahispania, na akamtaka ajiokoe kwa kuolewa na mwanawe. Malintzin akajifanya amekubali, akaenda kumwambia Cortés. Cortés akawaita watu wa Cholula kwenye uwanja wa hekalu, akafunga njia, akatoa amri. Yeye mwenyewe alimwandikia mfalme wake kwamba watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika muda wa saa mbili.

Nilichokifanya ni kuichukua habari hiyo kama ilivyotoka kwa Cortés na kwa Bernal, yaani kutoka kwa walioshika panga. Mtu aliyeua watu wasio na silaha uwanjani anahitaji sababu, na njama iliyogunduliwa ni sababu nzuri kuliko zote. Hata katika maelezo ya Cortés, Malintzin si chanzo peke yake: Watlaxcala, maadui wa Cholula, walikuwa wamekwishamwonya, na yeye mwenyewe anadai aliona njia zilizozibwa na mawe yaliyorundikwa juu ya mapaa. Na upo ushahidi mwingine ambao sikuutafuta. Miongo kadhaa baadaye wazee wa Kinahua walimsimulia mtawa Bernardino de Sahagún na wasaidizi wake vita vya uvamizi ule kwa lugha yao wenyewe, na masimulizi hayo yakaingia katika kitabu cha 12 cha kazi yake kubwa iliyokamilika karibu na mwaka 1577. Wao wanasema watu wa Cholula walikusanyika bila silaha wala shaka, wakauawa kwa hila, na kwamba Watlaxcala ndio waliomchochea Cortés. Yule mwanamke mzee katika masimulizi yao hayupo. Mimi nilikuwa na kalamu, nikaona maiti 3,000 na mtu aliyetoa amri ya kuwaua, nikaamua kumwandika mkalimani.

Vivyo hivyo kuhusu Moctezuma. Cortés alikutana naye tarehe 8 Novemba 1519 kwenye barabara iliyokatiza ziwa kuingia mjini. Malintzin alisimama kati yao. Niliandika kwamba aligeuza hotuba ya adabu ya mfalme kuwa tamko la kusalimu amri. Lakini hotuba ile ya kusalimu amri tunaipata kwanza katika barua ya Cortés kwa mfalme, ya tarehe 30 Oktoba 1520, karibu mwaka mzima baadaye, wakati ambapo Cortés alikuwa amefukuzwa Tenochtitlan, amepoteza mamia ya watu, na zaidi ya hapo alikuwa ameasi amri ya Diego Velázquez, gavana wa Cuba aliyemtuma. Mtu wa aina hiyo alihitaji sana kuuthibitishia ufalme kwamba Moctezuma alikwisha kuwa raia wake, ili vita vyake vionekane ni kuzima uasi. Aliyenufaika na maneno yale ndiye aliyeyaandika. Mimi nikamsamehe mwandishi na kumhukumu aliyekuwa amesimama kando yake.

Kisha nije kwenye mapenzi, sehemu inayonitia aibu kuliko zote. Portocarrero aliondoka kwenda Uhispania Julai 1519, na Malintzin akabaki kwa Cortés. Karibu na mwaka 1522 akamzalia mtoto wa kiume, Martín. Niliandika aya tatu kuhusu macho yao yalivyokutana. Niliwapa usiku wa mbalamwezi. Watu wa pwani yetu tunalijua neno suria, na tunajua kwamba suria haulizwi kama ameridhia. Nililijua neno hilo na nikaandika "mpenzi". Nilifanya hivyo kwa sababu msomaji hupenda mahaba, na kwa sababu, nikijichunguza kwa haki, nilikuwa mwanamume ninayeamini bila kufikiri kwamba mwanamke akisimama karibu na mwenye nguvu, basi kitanda ndicho kilichomfikisha. Kwa wanaume wa orodha yangu nilitafuta tamaa ya mali, woga, siasa na hesabu za vita. Kwa mwanamke mmoja niliyemweka humo nilitafuta mapenzi tu.

Angalia jinsi Cortés mwenyewe alivyomtaja "mpenzi" huyo. Katika barua ya mwaka 1520 hampi hata jina. Ni mkalimani wake, mwanamke mwenyeji aliyempata Potonchán. Jina lake, Marina, anakuja kulitaja katika barua ya mwaka 1526. Na mwaka 1524, akiwa njiani kwenda Honduras na akimhitaji tena kwa ukalimani, alimwoza kwa kapteni wake Juan Jaramillo. Wanahistoria wapo wanaoona kwamba ndoa hiyo huenda aliidai mwenyewe, maana ilimpa heshima ya kisheria na ardhi katika nchi aliyozaliwa. Hilo linawezekana, na ninaliheshimu. Lakini mapenzi ya mbalamwezi niliyoyaandika hayamo katika karatasi yoyote ya wakati ule. Niliyatunga.

Baada ya barua ya yule mkalimani wa mahakamani kunichoma, nilikimbilia kosa la pili, nalo naliungama pia. Nilialikwa kuzungumza na vijana, nikaitumia nafasi hiyo kumwosha Malintzin mpaka akang'aa kupita kiasi. Nikasema alikuwa mpiganaji wa siri, mtumwa aliyelipiza kisasi, mama wa taifa jipya, mwanamke aliyewachezea wanaume wote. Vijana walipiga makofi. Lakini kumbe nilikuwa nimerudia dhambi ileile kwa sura nyingine: nilimtia tena mdomoni maneno yangu. Malintzin hakuacha barua wala ushahidi wa mdomo wake ulioandikwa mbele ya karani. Hotuba nzuri anayopewa na Bernal, ile ya kumsamehe mama yake walipokutana tena Coatzacoalcos, iliandikwa na askari mzee zaidi ya miaka 40 baadaye. Nilikuwa nimeitumia hotuba hiyo mara ya kwanza kuthibitisha kwamba alijikana, na mara ya pili kuthibitisha kwamba alikuwa na moyo mkubwa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni nilichotaka kukisikia.

Ukweli una pande ngumu ambazo hazifutiki kwa kumwonea huruma. Wazee wa Kinahua wanamkumbuka akipanda juu ya paa la kasri mjini Tenochtitlan na kuwaamuru wenyeji walete chakula na maji kwa Wahispania. Wanamkumbuka, mji ulipokwisha kuanguka na watu wake wakiwa wamekonda kwa njaa, akiwakabili watawala waliotekwa na kuwadai dhahabu kwa niaba ya Cortés, akionyesha kwa mikono yake ukubwa wa vipande vinavyotakiwa. Sauti iliyowafikia watu wale katika saa yao mbaya kuliko zote ilikuwa sauti yake. Alifanya kazi ile kwa ustadi, miaka mingi, na watu waliumia. Mtumwa anaweza kuwa chombo cha dhuluma, na kuwa kwake mtumwa hakumwondolei aliyedhulumiwa maumivu yake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki yake hapa si kutakaswa. Haki yake ni kupimwa kwa nafasi aliyokuwa nayo kweli, si kwa nafasi niliyombunia.

Nimejiuliza kwa nini nilivutiwa na hukumu ile kwa urahisi namna hiyo, na jibu nimelipata nyumbani. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na karatasi zake za mikataba, na mtawala Mangungo wa Msowero akatia alama kwenye mojawapo. Ilikuwa imeandikwa Kijerumani, lugha asiyoijua. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitambua karatasi hizo, na ukoloni ukapata mlango. Tanzania ya leo imelifanya jina la Mangungo kuwa tusi. Kiongozi akitia saini mkataba mbovu, anaitwa Mangungo. Aliyesoma mkataba, akaufafanua na kuugeuza lugha, hatumkumbuki kabisa. Mexico wamefanya kinyume: mkalimani ndiye anayebeba tusi, na wafalme na wakuu waliofanya maamuzi wana sanamu. Nilipoyaweka mawili hayo pamoja niliona yanavyofanana. Lawama hutiririka kama maji, hutafuta bondeni. Huku imemwangukia mzee asiyejua kusoma, kule imemwangukia kijakazi. Mwenye bunduki na wino hubaki juu, mahali pakavu. Na sisi waandishi, tunaojidai kusema kwa niaba ya walioonewa, mara nyingi ndio tunaochimba mfereji.

Nimejifunza pia kwamba hukumu yangu haikutoka kwa watu walioyaona mambo yale. Katika karne ya 16 Wanahua waliongeza kwenye jina lake kiambishi cha heshima, na ndipo likawa Malintzin. Cortés mwenyewe walimwita Malinche, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bwana wa mwanamke yule, na maneno yake waliyasikia kupitia kwa mwanamke huyo. Katika michoro ya Tlaxcala ya karibu mwaka 1552 anasimama katikati ya mkutano baada ya mkutano, amenyooka, mkono umeinuliwa kuonyesha kwamba anasema. Mlima wenye urefu wa zaidi ya meta 4,400 kati ya Tlaxcala na Puebla unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sura ya msaliti ilikuja kupewa nguvu baada ya uhuru wa Mexico mwaka 1821, wakati taifa jipya lilipotaka kujitenga na Uhispania na likahitaji mtu wa kubebeshwa aibu ya miaka 300. Mwaka 1826 riwaya ya Kihispania iitwayo Xicoténcatl, iliyochapwa Philadelphia bila jina la mwandishi, ilimchora kuwa mwanamke aliyepotoka. Katika karne ya 20 jina lake lilikwisha kuwa neno la kumtukana kila anayependa vya kigeni, na mwaka 1950 mwandishi Octavio Paz akawaita Wameksiko wana wa Malinche katika insha iliyosomwa dunia nzima. Sanamu iliyomwonyesha na Cortés na mtoto wao, iliyowekwa Coyoacán mwaka 1982, ilipingwa mpaka ikahamishwa. Nilikuwa nimedhani naeleza karne ya 16. Kumbe nilikuwa narudia ugomvi wa karne ya 19, tena bila kuwa na habari.

Jambo la mwisho nililoliruka ni watoto wake. Martín alichukuliwa na baba yake kwenda Uhispania mwaka 1528, akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Mwaka 1529 Papa Clement VII alimtambua kuwa mwana halali wa Cortés, na karibu na wakati huohuo Malintzin alikuwa amekwisha kufa, bado hajafika miaka 30. Martín alikulia kwenye jumba la kifalme, akapigania Uhispania vitani, na aliporudi Mexico akateswa mwaka 1568 kwa tuhuma za njama dhidi ya mfalme, asikiri chochote. Binti, María, aliyezaliwa na Jaramillo karibu na mwaka 1526, alilelewa na mama wa kambo, kisha ikambidi aende mahakamani miaka ya 1540 kudai mirathi yake. Katika kesi ile mashahidi waliulizwa mama yake aliutumikiaje ufalme. Binti alilazimika kuthibitisha kwa wakoloni kwamba mama yake aliwafaa, ili apate haki ya kuishi. Familia ya "msaliti aliyenufaika" ndiyo hiyo. Nilipoandika kwamba alilipwa vizuri, sikuwa nimeangalia malipo yenyewe.

Basi naondoa niliyoyaandika, moja baada ya jingine. Naliondoa jina lake kwenye orodha ya wasaliti, na sitalihamishia kwenye orodha ya mashujaa. Naondoa aya za mapenzi, kwa sababu nilizibuni. Naondoa hukumu ya Cholula na kuirudisha kwa Hernán Cortés aliyetoa amri na kwa majeshi yaliyoitekeleza. Naondoa madai ya kumpotosha Moctezuma, kwa sababu sina ushahidi zaidi ya barua ya mtu mwenye haja ya kujitetea. Yule mkalimani wa mahakamani nimemwandikia kuomba radhi. Yeye na wenzake hubeba maneno ya wengine kila siku, na mimi niliipaka kazi yao rangi ya hiana.

Kwa walimu walioisoma makala yangu darasani nina ombi. Msiifiche wala kuichana. Isomeni tena pamoja na hii, mbele ya wanafunzi walewale kama bado mnao, na muwaache watafute wenyewe ni wapi mwandishi aliruka jambo alilolijua. Kisha wakikutana na jina lolote ambalo historia imelifanya tusi, liwe la Mangungo au la mwingine, wawe wa kwanza kuuliza mtu huyo alikuwa mali ya nani, alikuwa na deni kwa nani, na ni nani aliyeshika karatasi na silaha siku hiyo.